Wiki Niliyojitosheleza

Kijijini kwetu Hmunzawl hakuna kazi isiyogawanywa kwa kura. Kufyeka njia ya makaburini, kupika chai ya mkutano, kumlaza mchungaji mgeni, hata kumkumbusha mpiga ngoma wa kanisa akate kucha: vikaratasi vinakunjwa, vinatiwa kofiani, mnachota. Ndiyo maana simlaumu sana Pi Thangkimi (kwetu Pi ni Bibi, na Pu ni Bwana) kwa alichofanya Jumapili ile. Namlaumu kiasi.

Mambo yalianza vizuri. Hriati, binti wa pale juu aliyerudi na shahada ya teolojia na miwani mipya, alitufundisha sifa za Mungu mchana kutwa. Alijaza ubao. Akasema anayemfuata Kristo huanza kufanana na yule anayemtazama kila siku, kwa hiyo twende nyumbani tukazitafakari sifa zile, tuone zitatugeuza vipi.

Pi Thangkimi akasimama. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya akina mama na wa kamati nyingine saba, na mama huyu akiona orodha mikono inamwasha.

"Sifa zote hizi ni mzigo kwa mtu mmoja," akasema. "Tugawane. Kila mtu sifa moja, aiishi wiki nzima, Jumapili ijayo atoe ushuhuda."

"Lakini Pi," Hriati akasema, "zipo sifa ambazo Mungu anatushirikisha, na zipo nyingine ambazo ni zake pe—"

Pi Thangkimi akapiga kengele. Kwetu kengele ikishapigwa, hata malaika hukaa chini.

Kofia ikapita. Pu Kapthuama, mzee wa kanisa ambaye aliwahi kugombana na jogoo hadi jogoo akahama nyumba, alichota "si mwepesi wa hasira". Tulicheka mpaka akakasirika. Babu mmoja wa nyuma alichota "habadiliki", akatangaza palepale kwamba basi hata shati habadilishi. Pi Thangkimi mwenyewe alichota "anajua yote", akaipokea kama mtu aliyerudishiwa mwavuli wake. Jirani yangu Pi Rothuami alipata "yuko kila mahali", na nilimwona akijitazama miguu, maskini, ile miguu mifupi.

Nami nikafungua changu. "Anajitosheleza. Hahitaji chochote wala mtu yeyote."

Nilifurahi kupita kiasi. Wenzangu walikuwa wanaanza safari, mimi nilikuwa nimeshafika! Miaka sita tangu mume wangu afariki sijamwomba mtu hata kiberiti. Nilitoka kanisani nikitembea kama mwanamke aliyepewa cheti.

Inabidi nieleze kidogo, ingawa si kawaida yangu kujieleza. Sisi watu wa milima hii tumelelewa hivi: msaidie mwenzako kabla hajaomba, na wewe mwenyewe usiombe kamwe. Ni malezi mazuri, lakini hebu fikiria kijiji kizima cha watu wanaotoa, na hakuna anayepokea. Barabarani sahani za chakula zinapishana zikirudishwa. Mume wangu alipofariki, Rothuami alikuja kwangu kila jioni kwa miezi mitatu. Alipika, alifua, alikaa tu pale mekoni nami. Kisha siku moja nikamsikia akimwambia mtu njiani, "Maskini Mama Rokima." Maskini! Neno lilinichoma hadi kwenye mfupa. Kuanzia kesho yake nikamwambia kwa adabu zote kwamba najiweza, na nikafunga mlango. Hakubishana. Ila tangu hapo kila juma huniletea bakuli, na kila juma namrudishia.

Sasa, wiki ile haikuwa ya mchezo kwangu. Mwanangu Rokima alipiga simu Jumatatu kutoka mjini Aizawl.

"Mama, nimesikia ulianguka na ndoo mwezi uliopita."

"Ndoo ndiyo iliyoanguka. Mimi niliifuata."

"Nakuja Jumamosi na gari. Nikikuta unajiweza, sitasema tena. Nikikuta hujiwezi, tunafungasha, unakuja kukaa nasi."

Nampenda mwanangu. Lakini anakaa ghorofa ya nne, ambako nguruwe haruhusiwi, na jirani unamjua kwa sauti ya choo chake tu. Nyumba yangu tuliijenga mimi na marehemu, mwanzi kwa mwanzi. Kutoka barazani naliona shamba langu la tangawizi na jiwe la kaburi lake. Kuondoka pale ningeondoka nikiwa nimebebwa, na hata hivyo ningepiga teke.

Kwa hiyo nikajitosheleza kwa nguvu zangu zote. Jumanne vijana wa kanisa walikuja na mianzi mipya, wakasema sakafu ya baraza yangu imeoza. Nikawaambia ni imara kuliko meno yao. Jumatano Rothuami, akipita mbio kutoka mahali kwenda mahali, aliacha bakuli la mboga za majani zilizopikwa na mafuta ya nguruwe yaliyovundikwa, yale yenye harufu ya kumfufua mtu. Harufu iliniita kwa jina. Nikalirudisha bakuli bila kufunua kifuniko, nikalala na viazi.

Jumamosi asubuhi nikashika ufagio nifagie baraza mwanangu asije akakuta jani. Nilifagia upande wa kulia. Nilifagia katikati. Nilipokanyaga kushoto sakafu ilisema "kra", na mguu wangu wa kushoto ukapita hadi pajani.

Sikuumia sana, niseme ukweli. Lakini mianzi iliyopasuliwa ina hila: kuingia inakupa njia, kutoka inakung'ata. Kila nikivuta, inazidi kubana. Na chini ya baraza yangu, kama ilivyo kwa watu wengi wa mteremkoni, ndipo lilipo banda la nguruwe. Huyo nguruwe sikumpa jina, maana ukimpa jina, Krismasi utamla kwa machozi. Nilimsikia akiguna kwa mshangao. Kisha kiatu changu kikatoka. Kisha nikasikia ulimi.

Nikafikiri haraka. Rokima atafika kabla ya saa sita. Nikipiga kelele, watu watakuja, habari itamfikia hata kabla hajashuka garini, na nguo zangu zitakuwa ghorofa ya nne jioni ileile. Nikatandaza nguo yangu ya kujifunga kuzunguka shimo, nikaukunja mguu mwingine vizuri, nikaweka mikono mapajani. Kwa mbali ungesema ni mama anayepunga upepo.

Wa kwanza kupita alikuwa Rothuami, jasho likimtiririka.

"Mama Rokima! Niko hapa!"

"Nakuona."

"Sasa hivi nilikuwa kisimani! Na kabla yake kwa wagonjwa watatu, na harusini kule chini, ila bwana harusi bado hajaamka!"

"Hongera. Ukifa tutakuzika wapi, kila mahali?"

Akacheka, akashika kiuno, akapumua. Halafu akanitazama, akanitazama tena. "Unahitaji kitu?"

"Mimi? Wiki hii?"

Alisimama muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Kisha akaondoka mbio, na sitaficha, nilipomwona anapotea kwenye kona nilijisikia vibaya.

Akaja Pi Thangkimi. "Usiniambie!" akapaza sauti kutoka barabarani. "Najua. Umekaa chini unafunga na kuomba, ili Rokima apate mke."

"Umejuaje?" nikasema kwa shida, kwa sababu ndio kwanza nguruwe amekipata kidole gumba.

"Wiki hii sikosei," akasema, akaenda zake kuwatangazia wengine. Mpaka mchana familia mbili zilikuwa zimeshawaosha binti zao nywele.

Shida kubwa ililetwa na Pu Kapthuama. Yeye hakupita. Alipanda ngazi, akaketi kwenye kigoda, akaweka kofia gotini. Na kwetu mgeni akiketi, chai inakuja. Hata nyumba ikiungua, mnamtolea chai kwanza, halafu mnamhamisha.

Chai haikuja. Nikazungumzia mvua. Nikazungumzia tangawizi. Mshipa wa shingoni mwake ukaanza kutokeza.

"Mama Rokima, majani yameisha?"

"Yapo, Pu."

"Kuni?"

"Zimejaa."

"Maji?"

"Tangi zima."

Akafumba macho. Nilisikia anavyojisemea chini chini, "Si mwepesi wa hasira. Si mwepesi wa hasira. Ee Bwana, si mwepesi hata kidogo." Alipofumbua, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya asali. "Basi nitasubiri."

"Au leo, Pu," nikasema, "ungetuonyesha mzee wa kanisa anavyotumika jikoni?"

Sijawahi kumwona mwanamume akiinuka polepole vile. Jikoni kulianguka sufuria, likafuatiwa na sufuria jingine, kisha kitu ambacho mpaka leo sijajua ni nini. Alirudi na vikombe viwili, masizi puani. Chai ilikuwa na ladha ya moshi na adhabu. Niliinywa yote. Nikajiambia hii haihesabiki, maana mimi sikuhitaji chai, yeye ndiye aliyehitaji kunipikia.

Tukiwa hapo, Hriati akatokea kwa njia ya chini, ile inayopita kando ya banda. Alipanda ngazi kimya, akachuchumaa karibu yangu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pi," akasema kwa upole, "kuna mguu kwenye banda la nguruwe."

"Ni wangu."

"Nilidhani hivyo. Kiatu anacho yeye."

"Mguu gani?" Pu Kapthuama akaruka. "Mguu! Nimekaa hapa saa nzima, nimeungua vidole viwili, nimekunywa ile chai, na wewe muda wote uko shimoni—"

"Si mwepesi wa hasira, Pu," nikamkumbusha.

Akaketi. Alitetemeka, lakini aliketi.

Hriati akanishika kwapani anivute. Nikampiga kofi mkononi, si kali. "Acha! Wiki inaisha kesho. Nina ushuhuda wa kutoa. Na mwanangu akinikuta navutwa kama muhogo, nimekwisha. Nilichota kujitosheleza, nitajitosheleza."

"Pi, ile sifa hukupaswa kuivaa. Nilitaka kuwaambia siku ile, kengele ikalia. Huruma yake tuivae, uvumilivu wake, uaminifu wake. Hiyo ya kutohitaji mtu ni yake mwenyewe. Sisi tunaitazama ili tujue pa kuegemea, basi."

"Wewe ulisema tufanane naye."

"Ndiyo. Na alipokuja duniani, yeye mwenye sifa hiyo, alifanya nini? Alimwomba maji mwanamke kisimani. Aliomba mashua. Aliomba punda. Chumba cha kulia karamu yake ya mwisho kilikuwa cha watu. Hata kaburi, Pi, lilikuwa la mtu mwingine."

Nilimtazama binti huyu, niliyemfuta kamasi alipokuwa mdogo, na nikasikia aibu ikinipanda hadi masikioni. Maji. Ameiumba mito, halafu anakaa kisimani na kusema, mama, nipe ninywe. Na mimi mjane wa Hmunzawl nimerudisha bakuli la mboga.

Honi ikalia.

Rokima alishuka na mabegi mawili makubwa, matupu. Nilijua ni matupu kwa jinsi alivyoyashika kwa vidole viwili.

"Mama!" Akatabasamu, akanitazama, tabasamu likasimama njiani. "Mbona umekaa chini?"

Nilifungua kinywa niseme napunga upepo. Maneno yalikuwepo, tayari yamepangwa. Hayakutoka.

"Nimenasa, mwanangu," nikasema. "Tangu asubuhi."

Mabegi yakaanguka. Alinivuta yeye, akavuta Pu Kapthuama, nikalia kama mbuzi, mianzi ikang'ata zaidi. Hriati akasema lazima mtu ashuke bandani aukunje mguu kutoka chini na kuikata mianzi pale. Rokima akashuka na suruali yake ya mjini. Tulisikia mguno, mbio, kishindo, na mwanangu akarudi akiwa na rangi mbili, nyeupe juu na nyingine chini.

"Nani anamuweza yule mnyama?"

Wote wakanitazama. Walijua jibu, na mimi nililijua. Yule nguruwe alizaliwa kwa Rothuami, alilishwa kwa mkono wake hadi nikamnunua. Duniani anatii watu wawili, na mmoja wao alikuwa sakafuni.

"Kamwiteni Rothuami," nikasema, nikitazama pembeni.

Hriati akainuka. Rokima akamzuia, akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa ananuka, lakini macho yalikuwa ya baba yake.

"Hapana. Mwite wewe."

"Mimi?"

"Mama, unadhani kilichoniogopesha ni ile ndoo? Watu wote huanguka. Pi Thangkimi ndiye aliyenipigia. Alisema ulilala njiani karibu saa nzima, na watu wako nyumba ya pili, na hukuita. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nikisikia kwa masikio yangu unamwita mtu, nitarudi mjini peke yangu na sitasema tena. Usipomwita, nitavunja sakafu hii nzima na tutaondoka."

Pi Thangkimi, ambaye alikuwa amesharudi kujua kilichobaki, akasogea hadi kwenye ngazi asikie vizuri.

"Rothuami," nikasema.

"Hata nguruwe hakusikia," akasema Pu Kapthuama.

"Rothuami!"

"Yuko mbali," akasema Pi Thangkimi. "Najua. Yaani, kwa kweli sijui. Anaweza kuwa popote."

Na hapo ndipo ujinga wetu wote ulipofika kileleni. Wiki nzima mwanamke yule alikuwa kila mahali, na siku ninayomtaka hayupo. Nikavuta pumzi iliyoshuka hadi kwa nguruwe.

"Rothuamiii! Njooo! Nakuhitajiii!"

Kijiji chetu kiko juu ya mgongo wa mlima, na bonde letu hurudisha kila kitu. Mlima wa mbele ukasema nakuhitajiii. Wa pili ukasema nakuhitajiii. Kanisani waliokuwa wanajifunza ngoma wakaacha kupiga. Milango ikafunguka juu na chini, na kule harusini, nimeambiwa baadaye, bwana harusi akaamka. Nilitamani nipite kwenye lile shimo mzima mzima. Lakini nilikuwa nimeshaanza kulia, na mtu akishalia mbele ya kijiji hana tena cha kulinda, kwa hiyo nikaita mara ya tatu.

Alitokea upande wa makaburini, anakimbia na ile miguu mifupi, kandambili moja mkononi, nyingine sijui wapi. Alipanda ngazi kwa magoti. Akanikuta pale, nusu mtu, chai ya moshi pembeni.

"Umesema nini?" akauliza, hana pumzi.

"Umesikia."

"Sikusikia vizuri. Nilikuwa mbali."

"Milima imesikia, wewe hukusikia?"

"Rudia, Mama Rokima."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto na umejaa udongo. "Nakuhitaji," nikasema. "Na si leo tu. Nilikuhitaji miaka yote sita, na nilikuwa mjinga."

Rothuami akaketi palepale sakafuni, ikalia "kra", Pu Kapthuama akamnyaka na kumsogeza kwenye mwanzi mzima. Alijifuta uso na kiganja, akaacha tope shavuni.

"Nimezunguka kijiji hiki kama kichaa," akasema. "Kisimani, makaburini, kwa wagonjwa, kila mlango nimeingia. Na mlango niliokuwa nautaka ni mmoja tu."

Kisha akashuka bandani. Tulimsikia akimgombeza nguruwe kwa jina. Kumbe nguruwe alikuwa na jina siku zote, alipewa na Rothuami angali mdogo, na mimi Krismasi hiyo ningemla bila kujua. Rokima akashika juu, yeye akakata chini, na nikatoka.

Mguu ulikuwa na michubuko na ulikuwa safi kuliko mwenzake. Nilishindwa kusimama. Rothuami akaniwekea bega upande mmoja, mwanangu upande mwingine, wakaniingiza ndani, nami nikawaegemea kwa uzito wangu wote, sikubakiza hata kilo moja. Akaniketisha karibu na moto. Akaangalia jikoni alivyopaacha Pu Kapthuama, akapiga kite.

"Huyu amepika au amepigana?" akasema, akaanza kupanga masufuria yangu mahali pasipo pao, kama alivyokuwa akifanya zamani. Nikamwacha.